Kabla Hujaongeza Samadi: Kuujenga Udongo wa Bustani ya Mboga

Mboga zikidumaa au majani yakianza kupauka, mkono wa mkulima hukimbilia samadi. Wakati mwingine samadi ndiyo dawa. Mara nyingi siyo, kwa sababu mmea hugeuka njano ileile ukikosa naitrojeni, mizizi yake ikizama majini, tindikali ikizidi ardhini, au minyoo fundo (minyoo midogo mno inayovimbisha mizizi) ikishambulia. Kumwaga toroli tatu za samadi juu ya tatizo la maji kunalizidisha. Wakulima wengi wa kilimo hai, kile kisichotumia kemikali za viwandani, wameamini kwamba chochote kilichotoka zizini au kwenye lundo la majani hakiwezi kuzidi. Kinazidi, na kukipunguza ni kazi ngumu kuliko kujaza pengo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya jembe na macho. Chimba shimo lenye upana wa sentimita 30 na kina kama hicho, siku ambayo udongo una unyevu wa wastani. Toa bonge zima kutoka upande mmoja, liweke juu ya gunia, livunje kwa vidole. Udongo wenye afya hupukutika kuwa vipunje vya ukubwa wa mtama hadi punje ya mahindi, na ndani yake utaona njia za nyungunyungu na vimizizi vilivyoteremka wima. Udongo uliobanwa hupasuka katika vibamba vya mlalo vyenye kingo kali, na mizizi yake imekata kona na kutambaa pembeni, yote kwa kina kimoja. Penye kona hiyo ndipo lilipo tabaka gumu. Pima liko sentimita ngapi chini. Nusa pia. Harufu kama ya ardhi iliyopata mvua ya kwanza hutokana na bakteria wanaopenda hewa. Harufu ya yai bovu, pamoja na rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu, ni alama ya maji yanayotuama.

Shimo hilohilo lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na usimamishe rula ndani. Maji yakishuka kati ya sentimita 3 na 8 kwa saa, hali ni nzuri. Yakishuka chini ya sentimita 2.5, mizizi itakosa hewa kila mvua kubwa inaponyesha, na dawa yake ni tuta lililoinuliwa au mfereji. Yakishuka zaidi ya sentimita 10, maji yanapita haraka mno na kubeba naitrojeni kabla mmea haujaifikia.

Jaribio la tatu linahitaji chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Weka udongo uliochekechwa hadi theluthi moja, ongeza maji karibu ijae, tia kijiko kidogo cha sabuni ya maji, tikisa kwa nguvu dakika 5, kisha iweke mahali pasipoguswa. Baada ya dakika moja au mbili, kilichotulia chini ni mchanga, weka alama. Baada ya saa mbili hivi tabaka la tope laini litakuwa limekaa juu yake. Mfinyanzi hutulia baada ya siku moja au mbili, na wakati mwingine maji hubaki na ukungu hata baada ya hapo. Urefu wa kila tabaka ukilinganishwa na urefu wa yote ndio mchanganyiko wa udongo wako, na mchanganyiko huo hautaubadilisha. Utakachoweza kubadilisha ni jinsi punje hizo zinavyoshikana.

Hapo ndipo ushauri wa kumwaga mchanga kwenye mfinyanzi unapoanguka. Ili mfinyanzi ulegee kwa mchanga, mchanga unatakiwa ufikie karibu nusu ya ujazo wote wa udongo, yaani malori kwa bustani ndogo tu. Ukitia ndoo chache, chembe za mfinyanzi huziba nafasi zilizopo kati ya punje za mchanga na ukikauka unapata kitu kigumu kuliko ulichokuwa nacho. Jasi nayo husifiwa sana, lakini hulegeza udongo ule uliojaa sodiamu. Kwenye mfinyanzi mwingine haifanyi mengi.

Kinacholegeza mfinyanzi ni gundi wanayotoa bakteria, kuvu na mizizi, ambayo hukusanya chembe ndogo kuwa vipunje na kuacha matundu kati yake. Karibu nusu ya ujazo wa udongo mzuri ni matundu, mengine yakishika maji na mengine hewa. Kinachoyaharibu upesi kuliko vyote ni unyayo wa mtu na jembe kwenye udongo uliolowa. Kabla ya kulima, finyanga donge dogo kiganjani na uligonge kwa kidole. Likivunjika, lima. Likibonyea tu kama unga uliokandwa, rudi nyumbani. Tengeneza vitanda vya upana wa mita 1 hadi 1.2 ili ufike katikati kutoka kila upande, acha njia ya sentimita 40 au 50, na mguu usikanyage kitanda tena, hata wakati wa kuvuna. Tabaka gumu likiwepo, livunje mara moja kwa uma mrefu wa kulimia: uchomeke wima, uuvute nyuma mpaka udongo uinuke na kupasuka, usiugeuze. Kulima na kusaga kila msimu hadi udongo uwe unga kunavunja vipunje vilevile unavyovitafuta, na mvua ya kwanza huugeuza unga huo kuwa ganda ambalo mche wa karoti hauwezi kulitoboa.

Sasa mboji. Lundo linaloiva vizuri ni suala la hesabu ya kaboni na naitrojeni, na lengo ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya naitrojeni. Mabua makavu yana takribani 80 kwa 1, majani makavu ya miti 40 hadi 80, maranda ya mbao mamia kadhaa. Upande wa pili, majani mabichi na mabaki ya jikoni yana 15 hadi 20 kwa 1, samadi ya ng'ombe karibu hapohapo, na ya kuku 10 au chini yake. Bila mizani, anza na ndoo mbili hadi tatu za vikavu kwa ndoo moja ya vibichi, na uongeze vikavu ukitumia samadi ya kuku. Katakata kila kitu kiwe na urefu usiozidi vidole viwili. Bua zima la mahindi litakuwepo mwaka ujao.

Lundo lisipungue mita moja kwa upana, urefu na kimo, la sivyo joto litavuja kuliko linavyotengenezwa. Lisizidi sana mita moja na nusu kwenda juu, kwa sababu uzito wake utaifinya hewa itoke chini. Tandika matawi membamba kwenye msingi, panga vikavu na vibichi kwa matabaka ya sentimita 10 hadi 15, na nyunyizia kila tabaka unapopanda. Ukikamua gao la mchanganyiko, yatoke matone machache. Yakitiririka, maji yamezidi. Kiganja kikibaki kikavu, hayatoshi. Kosa hili la maji machache ndilo la kawaida kuliko yote, kwani majani makavu husukuma maji nje badala ya kuyanywa, na lundo linaloonekana limelowa juu linaweza kuwa vumbi katikati.

Siku ya tatu au ya nne katikati pawe pamefika nyuzijoto 55 hadi 65. Kama huna kipimajoto, chomeka fimbo ya chuma, iache dakika 10, uishike: ikikulazimisha kuiachia, joto lipo. Likivuka 65 ligeuze, kwa sababu karibu na 70 viumbe wanaofanya kazi wanaanza kufa. Kila unapogeuza, cha nje kiingie ndani na cha ndani kitoke nje, maana mbegu za magugu na vimelea hufa katikati tu. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinadai mboji ya lundo la wazi, ikiwa na samadi, ikae kwenye nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15 na igeuzwe angalau mara 5 ndani ya siku hizo. Ni kipimo kizuri hata kwa mtu asiyetafuta cheti. Asiyeweza kufikia joto hilo asiingize vifundo vya ndago, vipande vya ukoka wala nyanya zilizokufa kwa ugonjwa. Kinyesi cha mbwa na paka kisiingie kabisa.

Lundo likinuka mkojo, naitrojeni inapaa hewani: changanya vikavu. Likinuka uozo, hewa imekwisha: ligeuze na uongeze mabua magumu. Lisipopata joto na ni kavu, limwagilie. Lisipopata joto na unyevu upo, limekosa vibichi au ni dogo mno. Ukikuta katikati pana unga mweupe kama majivu na pamekauka, hao ni viumbe wanaostawi penye joto na ukavu, na kinachotakiwa ni maji.

Joto likishakwisha na lisirudi hata ukigeuza, mboji bado haijaiva. Iache itulie mwezi mmoja au zaidi. Kuipima, loanisha gao moja, lifungie kwenye mfuko wa plastiki siku tatu, ufungue na unuse. Uchachu au harufu ya mkojo ni dalili kwamba kazi inaendelea. Au panda mbegu 10 za figili kwenye mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, na 10 nyingine kwenye udongo mtupu. Zikiota chache upande wa mboji, subiri. Mboji mbichi ikichanganywa na udongo huvuta naitrojeni ya mimea ili imalize kuoza, na hapo ndipo mkulima hushangaa kuona mchicha umegeuka njano baada ya kurutubishwa.

Kiasi gani? Sentimita 1 ya mboji kwenye mita moja ya mraba ni lita 10. Kitanda kipya kwenye udongo uliochoka kinahitaji sentimita 3 hadi 5, ichanganywe kwenye sentimita 15 za juu. Miaka inayofuata sentimita 1 hadi 2 juu juu inatosha, hivyo kitanda cha mita 10 za mraba hula lita 100 hadi 200 kwa mwaka. Udongo wa kina cha sentimita 15 kwenye mita moja ya mraba una uzito wa kilo 200 hivi, kwa hiyo kupandisha mabaki yaliyooza kwa asilimia 1 kunadai kilo 2 kavu za mabaki hayo kila mita. Lita 20 za mboji, ukiondoa maji na mchanga uliomo, hutoa kiasi kama hicho au kidogo zaidi, na sehemu kubwa yake italiwa na vijidudu ndani ya miaka michache. Kwa hesabu hiyo, anayeahidi udongo mpya ndani ya msimu mmoja anauza kitu.

Ukizidisha, fosforasi ndiyo hulundikana. Mboga huchukua naitrojeni mara kadhaa kuliko fosforasi, mara 5 au zaidi, ilhali kwenye samadi na mboji nyingi tofauti hiyo ni mara 2 au 3 tu. Anayeongeza samadi mpaka naitrojeni itoshe anaacha ziada ya fosforasi kila msimu, nayo haisafiri na maji kirahisi kama naitrojeni. Ikijaa, mimea hushindwa kuchukua zinki na chuma vizuri, kuvu wanaosaidia mizizi hupungua, na mvua inapobeba udongo huo hadi mtoni huotesha mwani. Hakuna cha kumwaga ili kuitoa. Unaacha tu kuongeza na kuvuna kwa miaka. Bustani iliyokula samadi miaka 10 mfululizo mara nyingi inahitaji naitrojeni peke yake, na hiyo huletwa na mikunde.

Samadi yenyewe ina masharti yake. Kilo 2 hadi 3 za samadi ya ng'ombe iliyooza kwa mita ya mraba, au nusu kilo hadi kilo moja ya ile ya kuku iliyokauka na kuoza, ni dozi ya mwaka mzima. Ile ya kuku ina chumvi na amonia. Ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Samadi mbichi ya mnyama yeyote huweza kubeba vimelea vya kuhara, ndiyo maana kanuni zilezile za Marekani zinataka ichanganywe na udongo siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusana na udongo, kama karoti na letusi, na siku 90 kwa yale yasiyogusa.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana wala kunuka. Viuagugu vya jamii ya aminopiralidi na klopiralidi hupulizwa kwenye malisho, hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuvunjika, na hustahimili hata lundo la mboji. Vikifika bustanini, nyanya na maharage huota majani yaliyojikunja kama kikombe na vikonyo vilivyopinda, na hali hiyo inaweza kurudi misimu kadhaa. Kabla ya kupokea samadi au nyasi kavu kutoka kwa mtu usiyejua malisho yake, chukua makopo sita. Matatu yajaze udongo uliochanganywa na samadi hiyo, matatu udongo wako peke yake. Panda maharage matatu kila kopo, uyatenganishe ili maji ya kopo moja yasiingie jingine, na usubiri wiki tatu. Majani yakipinda kwenye makopo ya samadi tu, samadi hiyo isiingie.

Mbolea ya kijani, yaani mimea inayopandwa ili ikatwe na kurudishwa udongoni, ndiyo hazina ambayo wenye bustani ndogo huidharau, kwa kuwa inaomba kitanda kikae wiki sita hadi nane bila mboga. Kunde, gramu 8 hadi 10 za mbegu kwa mita ya mraba, hufunika ardhi haraka. Marejea, gramu 3 hadi 5, hurefuka upesi, huzima magugu na hupunguza minyoo fundo. Fiwi huvumilia ukame na hukaa muda mrefu zaidi. Kama mikunde ya aina hiyo haijawahi kupandwa hapo, pakaza mbegu bakteria wake maalumu, wale wanaokaa mizizini na kuikamata naitrojeni ya hewani, kabla ya kupanda, kivulini. Baada ya wiki tano ng'oa mche mmoja taratibu na upasue vifundo vya mizizini. Vikiwa vya waridi au vyekundu ndani, vinafanya kazi. Vyeupe au vya kijani havifanyi. Usivichanganye na uvimbe wa minyoo fundo: kifundo cha naitrojeni kimeshikizwa kando ya mzizi na hubanduka kwa ukucha, lakini uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa.

Kata mimea hiyo maua yanapoanza. Ukichelewa, shina linakuwa kuni na naitrojeni imehamia kwenye mbegu. Ikatekate, iache inyauke siku moja au mbili, kisha ifukie ndani ya sentimita 10 au iache juu kama matandazo. Mizizi ibaki ardhini. Usipande mbegu mara moja. Majani mabichi yanayooza hulisha kuvu wa kinyausi (ugonjwa unaoozesha miche kwenye shina), nao humaliza miche usiku mmoja. Wiki mbili hadi tatu zinatosha, na miche mikubwa ya kabichi inavumilia mapema kuliko mbegu za karoti.

Kuhusu tindikali, usikisie. Chukua udongo kutoka sehemu 10 hadi 15 za bustani, kina cha sentimita 15, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki (ya bati huchafua kipimo cha zinki), anika kivulini na upeleke nusu kilo maabara. Omba pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi), fosforasi, potasiamu, kalisi, magnesi, mabaki yaliyooza, na kiasi cha chokaa kinachohitajika. Mboga nyingi hufurahia pH ya 6.0 hadi 7.0. Chini ya 5.5 alumini huyeyuka na kuifanya mizizi iwe mifupi na minene, hata samadi ikiwepo. Juu ya 7.5 chuma hukwama, na majani machanga huwa njano huku mishipa ikibaki kijani.

Kupandisha pH kwa kizio kimoja kizima, mfano kutoka 5.5 hadi 6.5, huhitaji takribani gramu 200 hadi 250 za chokaa ya kilimo kwa mita ya mraba kwenye kichanga, na 400 hadi 500 kwenye mfinyanzi, kwa sababu mfinyanzi hushikilia tindikali ya akiba. Iwe unga laini wa mawe ya chokaa, ichanganywe na udongo miezi mitatu kabla ya kupanda. Chokaa ya kupaka kuta huunguza na haikubaliki katika kilimo hai. Majivu ya kuni safi hufanya kazi upesi zaidi na huleta potasiamu. Gramu 100 kwa mita ya mraba kwa mwaka ndio ukomo, na pH ikiwa tayari 6.5 yabaki jikoni. Chokaa na majivu visikutane na samadi mbichi, maana huifanya naitrojeni yake ipae hewani kama amonia.

Matandazo ni rahisi: sentimita 5 hadi 8 za nyasi kavu zisizo na mbegu, juu ya udongo uliokwisha kumwagiliwa, yakiacha sentimita 5 kuzunguka shina. Penye mchwa, tandaza kwa wembamba na mara nyingi. Penye konokono wengi, subiri miche ikomae. Maranda ya mbao yakae juu ya udongo au kwenye njia, kamwe yasifukiwe.

Maganda ya mayai hayadhuru, ila huoza polepole mno kuokoa nyanya zinazooza kitako msimu huu. Ugonjwa huo mara nyingi huletwa na umwagiliaji wa leo mwingi, kesho hakuna, kwani kalisi husafiri na maji. Matandazo na ratiba thabiti huutibu bila ganda hata moja. Chai ya mboji nayo hupewa sifa ambazo majaribio hayazithibitishi kila mara. Mboji uliyoloweka ingefanya kazi zaidi ikiwa imetandazwa.

Rudia kipimo cha maabara kila miaka mitatu, msimu uleule na kwa kina kilekile, kwa kuwa pH ya kiangazi na ya masika hazifanani. Linganisha kwanza fosforasi na mabaki yaliyooza. Fosforasi ikiwa juu, funga zizi na upande marejea; mabaki yakishuka, kagua ni mara ngapi jembe limeingia.